Kuchagua kifaa cha kubeba cha hali ya hewa kwa ndege ndogo Uganda: mwongozo kamili

Kifaa changu cha kwanza nilikinunua kwa mbwembwe. Kilikuwa kisanduku cheusi, cha mtumba lakini kisafi, kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo aliyeniandikia kwamba kinafanya kazi dunia nzima. Nilikipeleka Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege karibu na Kampala, nikakiweka juu ya dashibodi ya Cessna 172, nikakiunganisha na tableti. GPS ikakubali. Ndege nyingine mbili tatu zikajitokeza kwenye ramani. Ukurasa wa hali ya hewa ukabaki mweupe pe. Fundi wetu, huku akijifuta mafuta mikononi, alichungulia akauliza, "Mzee, hii habari ya mvua inaitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Wengi wetu huanza kwa kupima ukubwa wa skrini na kulinganisha bei, kumbe skrini ndiyo ya mwisho. Cha kwanza ni swali la fundi.

Hatua ya 1: Jua habari itakufikiaje ukiwa angani

Vifaa vingi vinavyosifiwa kwenye matangazo vimetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Kule kuna huduma ya bure iitwayo FIS-B, inayorushwa na vituo vya ardhini kwenye masafa ya 978 MHz. Risiva ndogo kama Garmin GDL 50, Stratus au Sentry huidaka na kuipeleka kwenye tableti: rada, METAR (ripoti ya hali ya hewa ya uwanja), TAF (utabiri wa uwanja), tahadhari, vyote. Ipo pia huduma ya kulipia ya SiriusXM inayotoka kwenye setilaiti, ambayo Garmin GDL 52 huweza kuipokea. Ya kwanza inategemea vituo vilivyojengwa kule, na ya pili inahudumia Amerika Kaskazini. Ukifika Entebbe na risiva hizo, umebeba redio ambayo stesheni yake haipo.

Si kwamba ni takataka. Zitakupa GPS nzuri, nyingi zitakuonyesha mlalo wa ndege, yaani imeinama upande gani, na ndege zinazojitangaza kwa 1090 MHz utaziona. Sentry ina hata kitambuzi cha kaboni monoksidi, gesi ya eksozi ambayo huwezi kuinusa. Zinunue kwa hayo ukitaka, ila usizinunue kwa sababu ya mvua.

Hapa kwetu njia ni tatu.

Ya kwanza ni mtandao wa simu. Ukiwa ardhini ni bora kuliko zote: bando la kawaida linakupa picha za setilaiti, METAR na utabiri kwa dakika chache. Ukishapaa, mambo hubadilika. Antena za minara zimeinamishwa kuelekea walipo wateja, yaani chini. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi simu inaona minara mingi kwa wakati mmoja na kurukaruka kati yao, au haishiki kabisa. Katikati ya Ziwa Victoria ukielekea Mwanza hakuna mnara, na Karamoja kuna mapengo marefu. Mtandao ukishika angani, pokea kama zawadi. Usiupangie safari.

Ya pili ni setilaiti za Iridium. Ziko 66, kilomita 780 hivi juu yetu, na zinafunika dunia nzima, hata mbuga ya Kidepo kule kaskazini mashariki. Hii ndiyo njia pekee ya kubeba ninayoiamini kwa safari ndefu, ingawa ina kasoro moja kubwa nitakayoieleza.

Ya tatu ni chombo kinachosikiliza radi chenyewe, maarufu kwa jina la Stormscope. Hakihitaji mtandao wala ada ya mwezi, kwa sababu kinadaka mishindo ya umeme kutoka mawinguni moja kwa moja na kukuonyesha iko upande gani. Mwelekeo wake ni wa kuaminika kuliko umbali. Katika nchi ambayo Tororo iliingia kwenye vitabu vya rekodi kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976, ningependa kila ndege iwe nacho. Lakini antena yake hufungwa kwenye mwili wa ndege, kwa hiyo si kifaa cha kubeba. Kama ndege unayokodi tayari inacho, jifunze kukisoma kabla ya kununua kingine chochote.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kasi

Kasoro ya Iridium ni polepole yake. Kifaa kama Iridium GO! hupitisha data kwa kilobiti 2.4 kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 50, ambayo kwenye simu huioni hata ikipakuliwa, itachukua karibu dakika 3. Picha ya megabaiti 1 itakula karibu saa nzima, na kwa saa nzima 172 imeshakwenda kilomita 200. Ukifungua kwa njia hiyo ile programu unayoitumia nyumbani, yenye rangi zinazotiririka, utatua kabla haijafunguka.

Kwa hiyo usinunue mtandao wa Iridium peke yake. Nunua huduma inayokata picha ikabaki kipande kidogo cha njia yako, ikaibana, ndipo ikaituma. Golze Engineering ya Ujerumani hutengeneza vifaa vya ADL kwa kazi hiyo hasa: unaomba kwenye tableti, kifaa kinaongea na Iridium, na baada ya muda unapata METAR na picha ya eneo lako. Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji swali moja tu: kwa mstatili wenye Kampala, Kisumu, Mwanza na Arua, nitapata picha gani, na kila baada ya dakika ngapi? Akikujibu kwa picha ya Ujerumani iliyojaa rangi za rada, hajakujibu. Ulaya ina rada zilizounganishwa na huduma hizo. Kwa upande wetu, tegemea zaidi picha za setilaiti na radi.

Kundi la bei nafuu ni vifaa vya ujumbe kama Garmin inReach Mini 2, chenye uzito wa gramu 100. Nacho kinatumia Iridium, lakini kinatuma maneno tu. Utabiri wake ni wa sehemu moja uliyoichagua, si ramani ya mawingu ya sasa hivi. Wengi hukidharau kwa sababu hiyo. Mimi nakiona ndicho kinacholipa gharama yake haraka kuliko vyote, mradi umtumie mtu aliye chini. Mwenzako amekaa Kampala na kompyuta na intaneti ya kasi, anaona picha nzima. Anakuandikia (CB ni wingu la ngurumo): "CB kubwa kati ya Lira na Kitgum, inaenda magharibi, pita mashariki." Herufi 160 zinatosha na kubaki, na umepata jicho la mtu badala ya skrini. Juu ya hayo kina kitufe cha SOS, ambacho ukilala na ndege kwenye nyasi za Karamoja hutauliza kilikuwa shilingi ngapi.

Hatua ya 3: Anza na safari zako mwenyewe

Andika kwenye karatasi safari tano ulizoruka mwisho. Kama nne ni Kajjansi hadi Jinja na kurudi, dakika 25 kila upande, huhitaji Iridium. Angalia picha kabla ya kuwasha injini, chungulia dirishani, ruka. Fedha zako zipeleke kwenye mafuta.

Kama unavuka ziwa au kwenda Kidepo, hesabu ni nyingine. Kajjansi hadi Apoka, uwanja wa Kidepo, ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, saa mbili na ushei kwa 172. Anga uliyoiona ukinywa chai si anga utakayoikuta. Nyanda za kaskazini hujenga mawingu mchana joto likipanda. Ziwa Victoria lina tabia yake: usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji na kuzaa ngurumo, na alfajiri mabaki yake mara nyingi bado yapo ukingoni mwa Entebbe na Ssese. Mchana upepo hugeuka na mvua huhamia nchi kavu. Kwa hiyo rubani wa ziwani anataka picha ya saa kumi na moja alfajiri, wa Kidepo anataka ya saa tano, akiwa tayari angani.

Kusini magharibi ni habari nyingine kabisa. Kisoro na Kihihi, adui mara nyingi si CB bali ukungu na mawingu yaliyokaa chini kwenye miteremko, na hakuna setilaiti itakayokuambia kama kuna upenyo wa futi 500 chini ya wingu. Huko chombo bora cha hali ya hewa ni simu kwa mtu aliye uwanjani. Usimuulize "hali ya hewa ikoje?", atakujibu "nzuri tu, karibu". Muulize: "Muhavura unauona hadi kileleni, au umekatwa?" Mlima una mita 4,127, na jibu la swali hilo ni METAR tosha.

Hatua ya 4: Elewa picha inakuonyesha nini, na ya lini

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakawia.

Rada inaona matone ya mvua. Setilaiti ya infraredi inaona ubaridi wa kilele cha wingu. Si kitu kimoja. CB iliyokomaa hutandaza kofia ya barafu juu yake, pana kuliko mvua yenyewe mara kadhaa. Kwenye picha utaona doa moja kubwa jeupe kutoka Masaka hadi Mubende, ilhali chini yake mvua kali iko sehemu tatu tu. Kinyume chake pia hutokea: wingu changa, kilele chake bado hakijapoa, halionekani la kutisha, na baada ya dakika 20 limekuwa mnara. Ndiyo maana napenda huduma inayoweka alama za radi juu ya picha. Setilaiti ya Ulaya Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, ina kamera ya radi inayoangalia Afrika pia, na hupiga picha ya upande wetu wa dunia kila dakika 10. Uliza huduma yako kama inatumia data hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Setilaiti hiyo iko juu ya longitudo sifuri, kule Ghuba ya Guinea. Sisi tuko digrii 32 mashariki, kwa hiyo inatutazama kwa upande. Kilele cha wingu chenye urefu wa kilomita 15 kitachorwa kwenye ramani takriban kilomita 11 mashariki ya mahali kilipo kweli, isipokuwa huduma imekisahihisha. Ukipita "magharibi kidogo" ya doa kwa kuamini picha, unaweza kuwa unalielekea lenyewe.

Na umri. Juni 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari kwa marubani: picha ya rada ndani ya ndege inaweza kuwa kongwe kwa dakika 15 hadi 20 kuliko muda ulioandikwa pembeni yake, kwa sababu muda ule ni wa kuunganisha picha, si wa rada kupima. Hiyo ni Marekani, penye miundombinu yote. Kwa dakika 20, 172 yako imekwenda kilomita 67, karibu kufika Jinja. Kifaa chochote kisichoandika umri wa picha kwa herufi unazozisoma bila kuinama, kirudishe dukani.

Matumizi ya picha hizi ni kuamua mapema: nizunguke upande gani, nirudi Soroti au niendelee. Si ya kujipenyeza kati ya mawingu mawili. Mamlaka za Marekani hufundisha kukaa mbali na ngurumo kali kwa maili 20 za baharini, yaani kilomita 37, na ukiongeza kosa la mahali na la muda nililolitaja, utaona kipimo hicho si cha woga.

Hatua ya 5: Saa tatu kichwani

Hili ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. METAR husoma hivi, kwa mfano:

HUEN 141100Z 18010KT 9999 TS FEW022CB BKN080 25/19 Q1017

HUEN ni Entebbe, TS ni ngurumo. Tarehe 14, saa 11:00 kwa saa ya Zulu, yaani saa ya kimataifa (UTC). Saa ya simu yako itasema 14:00. Mkeo atasema saa nane mchana. Nimewahi kuona mwanafunzi akisoma "1100" na kuamini ngurumo ni ya saa kumi na moja jioni, wakati atakuwa ameshatua. Ilikuwa juu ya kichwa chake wakati ule ule.

Kanuni rahisi: mchana, chukua saa ya Kiswahili ujumlishe tatu, umepata Zulu. Saa moja asubuhi ni 04Z, saa tisa alasiri ni 12Z. Kama programu inaruhusu kuonyesha umri badala ya saa, yaani "dakika 14 zilizopita", chagua hivyo, usibadilishe tena.

Hatua ya 6: Sasa skrini

Tableti ya inchi 8 hivi ndiyo inayokaa vizuri kwenye 172. Ya inchi 11 itaziba vipimo vya dashibodi, ya simu itakuchosha macho. Ukichagua iPad, nunua inayoingia laini ya simu hata kama hutaweka laini, kwa sababu ile ya Wi-Fi peke yake haina GPS ndani. Garmin aera 760 ya inchi 7 ni imara zaidi kwa joto na jua, lakini rudi hatua ya 1: kazi zake za hali ya hewa angani zimejengwa juu ya huduma za Marekani.

Joto ni jambo zito hapa. Apple yenyewe husema iPad itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35. Nilitua Apoka mchana, nikaacha tableti juu ya dashibodi, nikaenda kusalimia askari wa wanyamapori. Niliporudi kioo kilikuwa cheusi na alama ya kipimajoto. Nikaisubiri kivulini chini ya bawa nusu saa, nikiipepea kwa karatasi ya mpango wa safari kama mtu anayepuliza jiko la makaa. Tangu siku hiyo inashuka nami, na kava la ngozi nimelitoa kwa sababu linahifadhi joto.

Ukienda kujaribu dukani, itoe nje juani saa sita mchana, ukiwa umevaa miwani yako ya kurukia. Miwani ya polaraidi huzima baadhi ya skrini kabisa, na nyingine ukiigeuza tu kioo kinakuwa giza.

Hatua ya 7: Umeme, kishikio na dira

Soketi ya ndege si soketi ya gari. Cessna za zamani nyingi zina volti 14, za karibuni zaidi, kama 172S, zina 28. Chaja ya gari ya mtaani iliyotengenezwa kwa volti 12 ukiichomeka kwenye 28 itanuka moshi kabla ya kuchaji. Soma maandishi madogo: itafute ya volti 12 hadi 30. Chaja rahisi hutia pia kelele kwenye redio. Ichomeke, fungua skwelchi (kizuia kelele cha redio), sikiliza, ichomoe, sikiliza tena. Mkwaruzo ukipotea, umempata mchawi.

Pawabanki ya 20,000 mAh, ambayo ni takriban Wh 74, inatosha kwa siku nzima na haitegemei ndege.

Antena ya Iridium inataka kuona mbingu. Kwenye ndege yenye bawa juu, kama 172 au 206, weka kifaa mbele kabisa chini ya kioo, si kwenye kiti cha nyuma. Kisha itazame dira ya sumaku. Weka tableti, angalia inasoma ngapi, iondoe, angalia tena. Sumaku za kava na za spika huivuta dira digrii nyingi, na siku umeme wote ukizima dira hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani.

Kikifungwa kwa skrubu au kuunganishwa na nyaya za ndege, si cha kubeba tena. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni na karatasi zake. Na kwa kuwa ni kifaa cha mawasiliano ya setilaiti, ulizia idhini UCC, tume ya mawasiliano, na ushuru URA, mamlaka ya mapato, kabla hujalipa ng'ambo, si mzigo ukiwa umeshakwama Entebbe.

Hatua ya 8: Jaribu huduma kabla ya kununua chuma

Huduma nyingi zina ukurasa wa intaneti au muda wa majaribio. Kwa wiki mbili, kila mvua inapokuja nyumbani kwako, kaa barazani, tazama picha na muda wake, kisha andika saa tone la kwanza lilipogonga bati. Tofauti kati ya ilichosema na bati lako ndiyo sifa halisi ya huduma hiyo kwa Uganda. Fanya hivyo msimu wa mvua, Machi hadi Mei au kuanzia Septemba, si Januari anga likiwa kavu.

Ikipita, nunua au kodi kifaa, ukae nacho ndani ya ndege uwanjani injini ikiwa imezimwa. Omba picha mara kumi, uhesabu dakika kila mara na utazame kiasi cha data kilichokatwa. Zidisha kwa safari zako za mwezi, jumlisha ada ya mwezi, ndipo utajua bei yake ya kweli.

Safari ya kwanza nacho, nenda na rubani mwenzako, siku yenye mawingu yaliyotawanyika unayoyaona kwa macho. Mmoja aruke, mwingine ashike tableti na asitazame nje. Aseme: "Doa liko kulia, kilomita 40." Anayeruka ageuze shingo na kujibu anachokiona. Mkirudi Kajjansi mtakuwa na orodha ya makosa yake kwenye karatasi, na rolex mbili za moto (chapati iliyoviringishwa na mayai) getini mkibishana kama lile la tatu lilikuwa wingu au moshi wa mashamba.

Karatasi hiyo iweke ndani ya ndege, mfuko wa mlango wa kulia, pamoja na namba ya simu ya yule mtu wa Kisoro.